Kuishi Imani ya Kikristo Mbele ya Majirani na Wafanyakazi Wenzako: Mwongozo kwa Anayeanza

Kila darasa la waumini wapya linapomalizika, maswali yale yale hurudi. Nianze vipi kuwashuhudia watu wa ploti yetu? Nifanye nini wenzangu kazini wanaponiita "pasta" kwa dhihaka? Je, ni lazima nisimame ndani ya matatu nihubiri ndipo nihesabiwe kuwa shahidi? Nimefundisha darasa hilo kwa miaka kadhaa katika mtaa mmoja wa mashariki mwa Nairobi, na nimeona kwamba wengi wanaouliza hawakosi bidii wala maneno. Wanachokosa ni mpangilio. Huanza na kile kilichopaswa kuwa cha mwisho, yaani kusema, kisha wanashangaa watu wanapowaepuka kwenye ngazi.

Fahamu kabla ya yote kwamba jirani yako amekwisha kusikia. Katika sensa ya mwaka 2019, zaidi ya Wakenya wanane katika kila kumi walijitambulisha kuwa Wakristo. Mama anayeuza nyanya karibu na lango lenu huenda alibatizwa kabla hujazaliwa, makanga wa matatu unayopanda anazijua nyimbo za kuabudu pengine kukupita, na mwenye nyumba wako huenda ni mzee wa kanisa. Watu wa namna hiyo hawangoji habari mpya. Wanangoja kuona kama yale waliyoyasikia humbadilisha mtu anapodaiwa, anapokosewa, na anapogombania maji ya mgao. Kwa sababu hiyo nimezipanga hatua hizi ili matendo yatangulie na maneno yafuate, nami nakusihi usiupindue mpangilio huo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kanisa moja unalohudhuria kila wiki, na ndani yake mtu mmoja wa jinsia yako, aliyekutangulia katika imani, ambaye umempa ruhusa ya kukuuliza habari za fedha zako, simu yako na hasira yako.
- Biblia katika lugha unayoielewa bila kujikaza. Tafsiri ya Union Version ya mwaka 1952 ndiyo inayosomwa katika ibada nyingi za Kiswahili, lakini ikikulemea, soma ya lugha ya mama.
- Daftari dogo la karatasi. Usitumie simu, kwa kuwa simu huazimwa na hupotea, na utakayoyaandika humo ni siri za watu.
- Dakika 15 za maombi kila siku. Wanaoondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuwahi kazi wataomba usiku, na hakuna ubaya wowote katika hilo.
- Kiasi kidogo cha fedha kinachotengwa kila mwezi kwa ajili ya wengine, mbali na sadaka na fungu la kumi. Hata shilingi 300 zinatosha, mradi zitengwe siku ya mshahara na zisiguswe kwa jambo jingine.

Hatua ya 1: Andika majina matano

Chagua watu watano unaokutana nao angalau mara tatu kwa wiki bila kufunga safari: wa mlango unaokabili wako, mlinzi wa lango, mama mboga, mwenzako wa meza ya pili kazini, fundi wa viatu wa kona ya stendi. Usiandike jamaa walio mashambani wala watu unaowafahamu kwenye simu tu. Mbele ya kila jina andika unachokijua kwa hakika, kama vile majina ya watoto wake, kazi yake, na jambo analolalamikia mara kwa mara. Wengi wa wanafunzi wangu hufika hapa wakakuta kwamba mtu waliyeishi naye ukuta kwa ukuta kwa miaka miwili hawamjui hata jina. Ikiwa ndivyo kwako, basi kazi ya majuma mawili ya kwanza ni kusalimu, kusimama kidogo na kujua, wala usimhoji mtu kama karani wa sensa.

Tahadhari: usimwambie mtu kwamba yumo katika orodha yako. Hakuna anayependa kugundua kwamba salamu alizopewa zilikuwa na hesabu nyuma yake, na wewe mwenyewe ukianza kumwona kuwa hesabu, umekwisha kuacha kumpenda.

Hatua ya 2: Lipa unachodaiwa, rudisha ulichochukua

Hii ndiyo hatua ndefu kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Nitaeleza ninakoitoa. Miaka ya nyuma nilidaiwa shilingi 1,340 na mama mwenye kibanda cha mboga na mayai karibu na lango letu. Nilizoea kupita njia ya nyuma ili asinione. Wakati huo huo nilikuwa nikiongoza ushirika wa nyumbani kila Jumatano, katika nyumba iliyokuwa juu ya kibanda chake, naye alitusikia tukiimba kila wiki. Siku nilipompelekea fedha zake, alifungua daftari, akapiga mstari juu ya jina langu, akanirudishia shilingi kumi nilizokuwa nimezidisha, wala hakusema neno. Ilipita miezi mitatu au minne ndipo akaniuliza ushirika wetu huanza saa ngapi. Ninaamini kwamba nisingalilipa, tungaliimba juu ya kichwa chake miaka kumi bila yeye kupanda ngazi zile.

Zakayo, katika Luka 19, alipompokea Yesu nyumbani kwake alitaja fedha: nusu ya mali yake kwa maskini, na kwa kila aliyemdhulumu marejesho mara nne. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliochipuka Rwanda na Uganda ukaingia Kenya katika miaka ya 1930, ulijulikana kwa jambo hilo hilo. Watu walikiri makosa yao hadharani, wakarudisha walichoiba, wakalipa madeni ya zamani hata kwa waliokuwa wameyasahau. Wazee waliolelewa katika uamsho huo bado wapo makanisani mwetu. Ukimpata mmoja wao, mwombe akusimulie.

Fanya hivi:

1. Andika madeni yote bila kujionea huruma: kodi ya nyumba, chama, ushirika wa akiba na mikopo, mikopo ya simu, deni la dukani, na ule mchango ulioutangaza mbele ya watu kwenye harambee kisha ukaacha kuutoa.
2. Anza na anayekudai ambaye ni maskini zaidi, hata kama deni lake ni dogo. Benki inaweza kungoja wiki mbili kwa mpango mlioandikiana, lakini mama mboga ananunua bidhaa za kesho kwa fedha ulizokaa nazo.
3. Usipokuwa na fedha zote, nenda mwenyewe kabla ya siku ya kulipa, useme kiasi ulicho nacho na tarehe utakayomaliza. Taja tarehe unayoweza kuitimiza, hata kama iko mbali.
4. Rudisha vitu. Vifaa vya ofisi vilivyohamia nyumbani, kitabu ulichoazima, sufuria ya jirani, waya wa chaji wa mwenzako. Ukirudisha, sema wazi kwamba ulikuwa umekaa nacho kimakosa, kisha nyamaza.

Tahadhari: kukiri hakumpi mtu ruhusa ya kumtwika mwingine mzigo wake. Ikiwa kosa lako linahusu siri ya mtu wa tatu, ndoa ya mwingine, au mtoto, nenda kwanza kwa mchungaji au mshauri mwenye busara kabla hujafungua kinywa. Na ikiwa mtu aliumizwa kwa namna inayohusu sheria, msamaha wa kanisani hauchukui nafasi ya sheria.

Hatua ya 3: Fanya kazi kama mtu anayeaminika

Paulo aliwaandikia Wathesalonike watulie, washughulike na mambo yao wenyewe na wafanye kazi kwa mikono yao, ili waenende kwa adabu mbele ya walio nje. Kwa mfanyakazi wa Nairobi maana yake ni mambo ya kila siku. Foleni ya Mombasa Road si habari mpya kwa anayeipita kila asubuhi. Anayeijua huondoka mapema zaidi, hajitetei nayo kila Jumatatu. Ushirika wa saa ya chakula cha mchana ni jambo jema mradi umalizike saa ya chakula cha mchana inapomalizika, kwa sababu dakika 20 unazozidisha huzibeba mwenzako aliyebaki akiwahudumia wateja.

Kuhusu hongo, nitasema kwa ufupi. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 humtia hatiani anayetoa sawasawa na anayepokea, kwa hiyo "kitu kidogo" hakiwi kidogo kwa kuwa wewe ndiwe uliyeombwa. Anayeendesha gari au bodaboda na ahakikishe stakabadhi zake ni kamili na bima yake haijakwisha muda, kwa kuwa hongo nyingi za barabarani huanzia kwenye kasoro ambayo dereva aliijua tangu nyumbani.

Swali la fedha zilizoingia kimakosa kwenye M-Pesa huulizwa katika kila darasa, basi nalijibu hapa. Kwanza angalia salio lako, kwa kuwa matapeli hutuma ujumbe wa uongo unaofanana na ule wa kweli. Ukikuta fedha zimeingia kweli, usizitoe wala usizitumie. Mwambie aliyezituma aupeleke ujumbe wake wa M-Pesa kwenye namba 456 ili Safaricom wazirudishe wenyewe, nawe uziache zikae mahali pake mpaka zirudishwe. Usizipeleke kwenye namba nyingine unayotajiwa na mtu anayekuharakisha kwa simu.

Hatua ya 4: Punguza kelele

Kelele ziko za aina mbili. Ya kwanza ni ya sauti: spika ya sebuleni inayowashwa saa kumi na moja asubuhi, na kesha katika nyumba ya kupanga ambayo ukuta wake hauzuii hata kikohozi. Kanuni za kudhibiti kelele zilizotolewa mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira zinayahusu makanisa pia, lakini hata pasipokuwa na kanuni, aliye ng'ambo ya ukuta huenda ni muuguzi aliyetoka zamu ya usiku. Kesheni kanisani, au ombeni kwa sauti ya chini.

Ya pili ni ya simu. Kundi la WhatsApp la ploti liliundwa kwa ajili ya maji, taka na usalama. Unabii uliosambazwa mara elfu, picha za aya zenye maua, na ujumbe unaotishia balaa kwa asiyeupeleka kwa watu kumi hauna nafasi humo. Umaarufu mzuri kwenye kundi lile ni wa kuwa mtu wa kwanza kutangaza kwamba maji yamerudi.

Hatua ya 5: Tumika katika mambo ya kawaida

Yakobo anauliza kuna faida gani kumwambia asiye na nguo wala chakula aende kwa amani, bila kumpa mahitaji ya mwili. Katika maisha ya ploti nafasi za kutumika ni nyingi kuliko tunavyofikiri, na nyingi hazigharimu fedha. Siku ya mgao wa maji ikifika na jirani yuko kazini, mjazie mitungi yake ya lita 20 pamoja na yako. Mtoto wa mlango wa pili asiyeelewa hesabu, mfundishe uani au kibarazani ambapo mama yake anawaona. Mzee wa chumba cha mwisho asiyeweza kupanda ngazi na gesi, mpandishie.

Ukimtembelea mgonjwa, iwe Hospitali ya Taifa ya Kenyatta au zahanati ya mtaani, uliza kwanza saa za kuwaona wagonjwa na vyakula anavyoruhusiwa. Keti robo saa, mpe uji wake, msikilize, mwulize kama kuna mtu nyumbani anayehitaji kupigiwa simu. Usiihubirie wadi nzima. Mgonjwa wa kitanda cha pili hajaamka kwa ajili yako, na jamaa zake wamesafiri kutoka mbali wapate nusu saa tu ya kukaa naye.

Msiba ndipo Nairobi huonekana moyo wake. Jioni za michango ya kusafirisha mwili hujaa watu, na ni vyema uwe mmoja wao. Ukiombwa kushika fedha, zihesabu mkiwa wawili na uandike kila senti. Lakini nakuomba ukumbuke wiki ya tatu baada ya mazishi. Mjane amerudi mjini kutoka mashambani, wageni wamekwisha, kodi ya miezi miwili inamngoja, na watoto wametumwa nyumbani kuleta karo. Wiki hiyo watu wachache sana hubisha mlango. Beba unga, sukari na mafuta, ukae kidogo, umwache alie akitaka kulia, na uulize kama mwenye nyumba ameelezwa hali yake. Mara nyingi anayehitaji kwenda kuzungumza na mwenye nyumba ni wewe, kwa kuwa mjane hana nguvu za kusihi wiki hiyo. Katika miaka yote niliyoishi mtaani, sijaona tendo lililokumbukwa kwa muda mrefu kuliko hilo.

Tahadhari ni nne, na kila moja nimeiona ikiharibu kazi nzuri. Usipige picha ya unayemsaidia. Mathayo 6 inaagiza sadaka itolewe kwa siri, na picha ya mtu mwenye uhitaji hubaki mtandaoni baada ya uhitaji kwisha. Usikopeshe fedha kwa nia ya kushuhudia: toa kidogo unachoweza kukiachilia kabisa, au sema huna, kwa sababu deni kati ya majirani hugeuza salamu kuwa mzigo. Usiwe mdhamini wa mkopo ambao wewe mwenyewe usingeweza kuulipa mwenzako akishindwa. Na usiingie peke yako kwenye chumba cha jirani wa jinsia nyingine anayeishi peke yake, hata kwa maombi. Nenda na mwenzako, mlango ubaki wazi.

Hatua ya 6: Sikiliza, kisha uombe kwa ufupi

Mtu akianza kukueleza shida yake, mwache amalize. Usimkatize kwa aya, wala usimsimulie jinsi shida kama hiyo ilivyompata shangazi yako. Akimaliza, mwulize kama angependa muombe pamoja, naye akikataa, sema sawa na uendelee kuwa rafiki yake. Akikubali, omba kwa lugha anayoielewa, kwa muda usiozidi dakika moja, ukilitaja jambo alilolitaja yeye. Maombi ambayo ndani yake unamkemea mtu aliyefumba macho ni mahubiri yaliyovaa nguo za maombi, na anayeombewa huyatambua mara moja.

Usilipeleke jambo lake kwenye ushirika. Nalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa nimewahi kuona dada mmoja akihama mtaa baada ya kusikia habari za ndoa yake zikirudi kwake kupitia kwa watu watano, kila mmoja akidai kwamba aliambiwa ili aombe. Ukitaka wengine waombe, sema tu kwamba kuna mtu mwenye uhitaji. Mungu anamjua jina.

Jambo jingine lisilo na mjadala: kamwe usimwambie mgonjwa aache dawa. Anayemeza dawa za virusi vya UKIMWI, za kisukari, za shinikizo la damu au za kifafa na aendelee kuzimeza, nawe umwombee akiwa anazimeza, na mabadiliko yoyote ya dawa yaamuliwe na daktari. Tangu mwaka 2023, ilipofukuliwa miili zaidi ya 400 katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ya watu waliofundishwa kufunga mpaka kufa, majirani wengi humtazama kwa hofu yeyote anayetaja kufunga na uponyaji kwa pamoja. Hofu hiyo ina haki yake. Usikasirike ukiulizwa maswali magumu kuhusu kanisa lako, jina la mchungaji wako na jinsi fedha zinavyotumika. Yajibu yote kwa utulivu.

Hatua ya 7: Sema unapoulizwa

Petro anaagiza tuwe tayari kumjibu kila atuulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, tena kwa upole. Neno la kuangaliwa ni kuulizwa. Ukizishika hatua zilizotangulia, swali litakuja, na kwa kawaida huja mahali usipotarajia: kwenye foleni ya maji, jikoni ofisini, au usiku wa stima kupotea.

Tayarisha ushuhuda wa dakika tatu, uuandike, na uusome mbele ya yule mtu wako wa kanisani. Uwe na sehemu tatu tu: hali yako ilivyokuwa, jinsi ulivyokutana na Kristo, na jambo moja ambalo bado unapambana nalo. Sehemu ya mwisho ndiyo inayowafanya watu waamini zile mbili za kwanza. Kwa mfano: "Nilikuwa mtu wa kupiga kelele nyumbani, mpaka watoto wakawa wananyamaza nikiingia. Mwaka juzi nilimwomba Yesu anisamehe na aitawale nyumba yangu. Bado hasira huja, lakini sasa naomba msamaha siku hiyo hiyo, na watoto wameanza kunisimulia mambo ya shule." Usiongeze ulevi ambao hukuwa nao wala ujambazi ambao hukuufanya. Mtu uliyesoma naye huenda anakusikiliza.

Kuhusu mahubiri ya matatu, nitatoa maoni yangu nikijua kwamba ndugu wengine hawakubaliani nami. Abiria amelipa nauli na hawezi kuondoka. Anayehubiriwa pasipo hiari yake hujifunza kuvaa vipokea sauti. Wahubiri wa mchana katika bustani ya Jeevanjee wana nafuu hii, kwamba anayetaka huketi na asiyetaka huenda zake. Kwa anayeanza, nashauri uache yote mawili kwa mwaka wa kwanza.

Hatua ya 8: Heshimu wasio wa imani yako

Ukiishi Eastleigh, South C au Pangani, huenda watatu kati ya wale watano wako ni Waislamu. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 32, inampa kila mtu uhuru wa dini na dhamiri, na huo ni wa jirani yako kama ulivyo wako. Wakati wa Ramadhani usile mchana mbele ya anayefunga kana kwamba humwoni. Ukimwalika Krismasi, nunua nyama iliyochinjwa kihalali, na umwambie ulikoinunua ili asipate shida ya kuuliza. Mkizungumza habari za dini, eleza unachokiamini wewe na umwachie yeye aeleze anachokiamini yeye; kumweleza Mwislamu Uislamu wake ni ujeuri.

Hatua ya 9: Pitia daftari kila mwisho wa mwezi

Keti na mtu wako wa kanisani, mfungue daftari pamoja. Msihesabu walioongoka. Ulizaneni: ni deni gani limelipwa, nani nilimkosea na je, nilimwendea, ni nani kati ya watano sikumjulia hali mwezi huu. Nusu saa inatosha.

Utatuzi wa matatizo

*Wananiita "pasta" kwa dhihaka.* Itika kwa uso mkunjufu na uendelee na kazi. Jina la dhihaka huchakaa likikosa anayelikasirikia, na mara nyingi aliyelianzisha ndiye atakayekufuata kando akiwa na mgonjwa nyumbani.

*Nimeanguka mbele yao.* Ulimtukana mlinzi, au walikuona ukitoka baa. Nenda siku hiyo hiyo kwa wale waliokuona, ulitaje kosa kwa jina lake na uombe msamaha. Usiseme shetani alikupitia. Kosa lililokiriwa haliharibu ushuhuda kama lile linalofunikwa, na Mathayo 5 inamtaka aliyekosana na ndugu yake aiache sadaka mbele ya madhabahu aende kupatana naye kwanza.

*Wananiomba fedha kila wiki.* Zikiisha fedha ulizotenga, zimeisha. Sema wazi, "Mwezi huu nimefikia mwisho," bila visingizio. Kisha uliza shida yenyewe ni nini, kwa sababu wakati mwingine kinachohitajika ni kusindikizwa kwa chifu, kusaidiwa kuandika barua ya kazi, au kushauriwa kuacha kamari.

*Mkubwa wangu anataka niandike risiti ya uongo.* Mkatalie mkiwa wawili, kwa heshima, usimwaibishe mbele ya wengine. Mpe njia nyingine ya halali ikiwa ipo. Weka maandishi ya mliyozungumza pamoja na tarehe. Fahamu kwamba unaweza kupoteza kazi, na kwa sababu hiyo mweleze mtu wako wa kanisani mapema, usingoje mpaka siku umefutwa. Kanisa linalowafundisha watu kukataa uongo linapaswa kuwa tayari kuwalisha wakishaukataa, nami nimeliambia baraza letu hivyo mara nyingi.

*Jirani anapigwa na mumewe.* Maombi peke yake hayatoshi, wala usimwambie arudi akavumilie. Namba ya simu 1195 inapokea bila malipo taarifa za ukatili wa kijinsia, na 116 ni ya watoto. Mfungulie mlango usiku akibisha, na umsindikize hospitalini kabla hajaoga ikiwa amebakwa, kwa kuwa ushahidi huoshwa.

*Mwaka umepita na hakuna aliyebadilika.* Lisome daftari lako tangu ukurasa wa kwanza. Karibu kila mara utakuta kwamba mlinzi sasa anakuachia ufunguo wake, au kwamba mtoto fulani amekuja mwenyewe na kitabu cha hesabu. Kama hukuti chochote, rudia Hatua ya 2. Huenda kuna deni ulilolisahau.

*Ninahama.* Wapangaji wa Nairobi huhama mara kwa mara, na wengi huhama usiku. Wewe hama mchana. Toa notisi kwa muda mliokubaliana, lipa maji na taka za mwezi wa mwisho, na umalize daftari la mama mboga mpaka senti ya mwisho. Fagia chumba na ujaze tundu za misumari ukutani. Wapitie wale watano mlango kwa mlango, uwaachie namba yako ya simu na uwaambie mtaa unaohamia. Ufunguo umpe msimamizi wa ploti mkononi, na tokeni za stima zilizobaki umwachie mpangaji anayeingia.